Priampu niliyoiunga mwenyewe: nimebadilisha voliumu ya geni

Nina zaidi ya mwaka na hii priampu ya maiki (kifaa cha kukuza sauti hafifu ya maiki) niliyoiagiza ikiwa vipande nikaiunga mezani. Kwa sauti sina neno. Ndani ina chipu ya INA217, imetulia, haivumi, na maiki yangu ya SM58 imepata uhai. Kilichonitoa jasho ni nobu ya geni, yaani kiasi cha kukuza sauti.

Unaizungusha kutoka chini: robo, nusu, robo tatu, bado dada ninayemrekodi anaimba kama yuko chumba cha pili. Ukifika mwisho kabisa, unaigusa tu, taa nyekundu ya sauti kuzidi hiyo. Tumerudia wimbo mmoja mara sita kwa sababu ya huo upumbavu.

Nikafungua boksi. Nyuma ya voliumu (rezista ya kuzungusha iliyo chini ya nobu) pameandikwa B10K, yaani omu 10,000. B maana yake omu zinapungua sawasawa kadiri unavyozungusha, lakini chipu haihesabu hivyo. Geni yake ni 10,000 gawanya kwa omu zilizoungwa kwenye miguu yake miwili ya geni, halafu ongeza 1. Voliumu ilifuatana na rezista ya omu 10. Nobu ikiwa nusu unapata desibeli 9.5 tu. Ikibaki asilimia 1 ya mzunguko uko kwenye desibeli 39, na desibeli 20 za mwisho zimebanwa ndani ya nyuzi kama 3 hivi. Hata mkono wa fundi saa hauwezi.

Kilichotakiwa ni herufi C, logi ya kinyume: omu zinapungua haraka mwanzoni, polepole mwishoni. Nimezunguka Kariakoo nusu siku, hakuna. Fundi redio mmoja akanicheka: "Si uchukue A, ile logi ya kawaida, uiunge kinyume?" Akang'oa A1K (omu 1,000) kwenye mixa iliyokufa, akanitoza 2,000. Rezista ya omu 10 (kahawia, nyeusi, nyeusi) nikaitoa, nikachomelea ya 33 (machungwa, machungwa, nyeusi). Kabla ya hapo nilizima kila kitu nikasubiri kapasita zimalize umeme. Zile volti 48 za maiki za kondensa si za kuchezea.

Sasa inaanzia desibeli 20 na nusu, inaishia karibu 50, na nobu ikiwa katikati iko kwenye 35 hivi. Sauti ya dada naipata kwa vidole viwili bila kushika pumzi. Kwa hesabu, hata kikomo cha besi kimeshuka kutoka hezi 16 hadi 5, maana kapasita ya mikrofaradi 1000 sasa inafanya kazi na omu nyingi zaidi. Masikio yangu hayajaona tofauti yoyote.

Nilichopoteza ni desibeli 10 za juu. Mwenye maiki ya SM7B, ambayo sauti yake ni hafifu, asiige, aiache ile ya omu 10, kwani Shure wenyewe wanataka angalau 60. Chini nako kumepanda: dumbaki mbele ya maiki ya kondensa ilinipasukia kwenye kompyuta, ikabidi niweke kipunguzi cha desibeli 20 kwenye waya.

Halafu kuna hili la kuunga kinyume: geni inapanda ukizungusha kushoto. Wiki ya kwanza dada alitaka kupunguza, akazungusha kushoto mpaka mwisho, hedifoni zikiwa masikioni mwangu. Siku hiyohiyo nilibandika plasta juu ya nobu: KUSHOTO NI JUU.