Kusaka Vitabu Dodoma kwa Siku Moja

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, mpenda vitabu wa Morogoro anaweza kutoka nyumbani asubuhi, akashinda madukani na kurudi kulala kwake siku hiyo hiyo. Wa Singida na Kondoa nao wanaweza kwa basi, ilimradi wadamke. Swali ni kama safari hiyo inalipa. Kwa maoni yangu inalipa, ingawa si kwa sababu ya maduka ambayo mgeni huelekezwa kwanza.

Maduka niliyoingia katikati ya jiji, kuanzia karibu na Jamatini hadi zile barabara zinazoitwa kwa namba, kwa sehemu kubwa ni maduka ya shule. Ukisema unataka kitabu, unaulizwa, "Cha darasa la ngapi?" Madaftari na rula viko mbele, vitabu viko nyuma ya kaunta, na mteja hutaja jina, akashushiwa nakala, akaigeuza mara mbili na kulipa au kuirudisha. Mzazi mwenye orodha ya shule mkononi atahudumiwa haraka na kwa adabu, lakini msomaji asiyejua anachotaka mpaka akione ni kama anayechagua kitenge gizani. Fasihi iliyomo ni ile inayotahiniwa. Nilipoulizia riwaya zilizopata Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2023, muuzaji mmoja alitaka kwanza kujua kama zimo kwenye silabasi.

Maduka ya vitabu vya dini yana nafuu kubwa, kwa kuwa rafu ziko wazi na hakuna anayekusimamia begani. Wengi hawakumbuki kwamba uchapishaji wa vitabu vya Kiswahili ni kazi iliyofanyika hapa hapa Dodoma kwa miongo mingi kupitia Central Tanganyika Press ya Kanisa Anglikana. Hata asiyefuata mahubiri atapata humo historia za misheni na vitabu vya malezi vilivyoandikwa kwa Kiswahili kilichonyooka.

Uhondo wenyewe uko chini, kwenye maturubai ya vitabu vya mtumba yanayotandazwa pembeni mwa njia kuelekea Soko la Majengo. Hapo hakuna mpangilio: fizikia ya kidato cha pili imelalia riwaya ya kijasusi isiyo na jalada, na chini yake kuna ripoti ya semina ya kilimo. Muuzaji, ambaye humwita kila anayechutama "mwalimu", hupangusa vumbi kwa kitambaa kabla ya kutaja bei, na kadiri anavyopangusa kwa muda mrefu ndivyo bei inavyopanda. Diwani niliyoanzishiwa kwa shilingi 8,000 niliondoka nayo kwa 3,000. Fungua ukurasa wa kwanza kabla ya kulipa, maana baadhi ya nakala zina mhuri wa maktaba ya shule, na kwangu mimi kitabu cha namna hiyo hakinunuliki, hata muuzaji akiapa kwamba shule yenyewe ilikiondoa. Kagua pia uchapaji: maandishi yaliyopauka na kurasa zilizokwenda upande ni dalili ya kitabu kilichodurufiwa, ambacho mwandishi wake hapati hata senti.

Nilikuwa na kipimo changu kwa kila muuzaji, yaani *Historia, Mila na Desturi za Wagogo* cha Mathias Mnyampala, kilichotoka mwaka 1954. Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, mwendo mfupi tu kutoka maduka haya, na ndiye aliyezipa ngonjera nafasi yake katika ushairi wetu. Madukani jina lake liliwafanya vijana watazamane. Kwenye turubai, mzee mmoja alilijua mara moja, akaghani beti mbili za ngonjera alizokaririshwa shuleni, kisha akasema kitabu hicho kikipatikana hakikai hata wiki. Kwamba jiji lililotangazwa makao makuu mwaka 1973, lenye Bunge na Chuo Kikuu, haliuzi historia ya wenyeji wake ni kasoro ambayo wachapishaji wangeweza kuirekebisha kwa kukitoa upya.

Atakayekwenda aanze na maturubai mapema, kabla jua halijawa kali na wauzaji hawajafunika bidhaa, kisha amalizie madukani. Jumamosi inafaa kuliko Jumapili. Januari aiepuke kabisa, kwani mwezi huo wazazi hujaa kwenye kaunta na hakuna muuzaji mwenye nafasi ya kumtafutia mtu kitabu kisicho cha shule. Abebe noti ndogondogo, maana kwenye turubai chenji ya shilingi 10,000 hutafutwa hadi kwa jirani.