Kiti (yaani seti kamili) ya bloku ya silinda ya Kichina kwenye Honda CG125 ya zamani: nunua, ila usiifunge kama ilivyotoka kwenye boksi

Mwenye Honda CG125 ya miaka ya 80 ana afueni ambayo wenye pikipiki nyingine nyingi za umri huo hawana. Injini yake iliigwa Uchina, na hadi leo inasukuma bodaboda kibao. Bloku ikiliwa, ikaanza kutoa moshi wa bluu, unaingia Kariakoo na kuuliza kiti ya bloku ya CG125: bloku, pistoni, ringi, pini, klipu mbili na gasketi, vyote kwenye boksi moja.

Kwanza pima. Pistoni ya saizi ya kawaida ni milimita 56.5 na pini yake ni 15. Muuzaji akikusukumia ya 62 kwa maelezo kwamba "hii ina nguvu zaidi", hiyo ni ya CG150, na slivu yake (bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) haiingii kwenye krankikesi yako, yaani kasha la chini la injini, bila kuitanua. Za Bajaj Boxer usiziguse kabisa: ile kemu yake (shafti inayofungua valvu) iko juu na inazungushwa na cheni, wakati CG ina kemu ya chini na pushrodi mbili, fimbo zinazosukuma valvu kutoka chini.

Chuma cha bloku hizi kwa kawaida si kibaya. Ubaya uko kwenye usafi. Kwenye njia ya pushrodi hubaki mchanga wa kalibu na vumbi la kuchonga, na petroli peke yake haivitoi. Osha kwa maji ya moto, sabuni na brashi, kausha, kisha pitisha kitambaa cheupe chenye oili ndani ya slivu. Kikitoka na weusi, rudia. Wengi huruka hatua hii, halafu kiti "feki" ikifa ndani ya miezi miwili lawama humwendea mwenye duka.

Halafu ringi. Ingiza ya juu peke yake ndani ya slivu, isawazishe kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vipande vyembamba vya kupimia mianya. Kati ya milimita 0.15 na 0.35 ni salama. Ukiwa mdogo mno, ringi ikipata joto ncha zinagongana na kukwaruza slivu. Piga tupa kidogo kidogo. Unapofunga, tawanya mianya ya ringi isikae mstari mmoja, na alama ya IN juu ya pistoni itazame upande wa kabureta.

Klipu na gasketi ndizo sehemu dhaifu za kiti nzima. Klipu inayoingia kwa ulaini itupe, maana ikichomoka pini inachana bloku mpya. Gasketi ya hedi nunua nyingine nzito, bei yake ni ndogo.

Kabla ya kufunga, fungua kava la klachi usafishe chujio la duara kwenye ncha ya krankishafti. CG haina filta ya karatasi. Uchafu wote wa miaka hujikusanya humo kama lami, na oili mpya inaweza kuubeba hadi kwenye bloku mpya. Nati za hedi kaza kwa msalaba, kwa awamu tatu. Mwanya wa tapeti (valvu) seti injini ikiwa baridi, alama ya T ya magneti ikiwa imelingana na valvu zote mbili zimefunga: milimita 0.08 intaki, 0.08 egzosi. Mwaga oili baada ya kilomita 500.

Kwenye umeme ndipo Mchina anapokwama. CG za mwanzo ni za volti 6 na kontakti pointi, bodaboda ni volti 12 na CDI, kiwashio cha elektroniki kisicho na pointi. Usichanganye magneti ya huku na koili ya kule. Ama uhamishe mfumo mzima, pamoja na betri na balbu, ama utafute pointi za Honda zilizotumika zenye uso usio na mashimo, uziseti mwanya wa kati ya milimita 0.3 na 0.4.