Nguzo ya zege mbele ya duka langu: nguzo nzuri, waliosimika hovyo

Nianze na sifa, maana nikianza na hasira sitazifikia.

Mimi nauza barafu na samaki hapa Kilwa Masoko. Umeme kwangu ndiyo duka lenyewe. Ukikatika siku mbili, kilichobaki ni harufu. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, tuliambiwa kilipotua Mafia kilikuwa kimeshapungua nguvu. Sawa. Hizo nguvu zilizobaki zilitosha kulaza nguzo ya mti iliyokuwa kona yetu, pamoja na waya na vikombe vyake. Asubuhi nikaenda kuitazama. Juu ilikuwa ngumu, bado inanuka dawa, ukiipiga inalia. Pale ilipokutana na ardhi niliingiza kidole, kikazama mpaka kiungo cha pili. Mchwa na maji walikuwa wamemaliza kazi zamani, upepo ulikuja kusukuma tu. Na barabara ya Dar ilikuwa imekatika Somanga, kwa hiyo hata huyo wa kuleta nguzo nyingine angepita wapi? Kolekole na changu wangu niliwafukia mwenyewe nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo niliposikia zinakuja nguzo za zege nilifurahi kama mtoto wa Idi. Zege mchwa halili. Halipati moto watu wakichoma majani. Ndani lina nondo, linashindana na upepo. Watu wa pwani tunajua dawa yake na ugonjwa wake pia: likipata ufa, hewa ya chumvi inaingia, nondo inashika kutu, kutu inavimba na kubandua zege lote. Lakini hilo ni la miaka mingi, nilisema wajukuu watashughulika nalo.

Wakaja. Mkandarasi, vijana kama sita, winchi moja, na msimamizi mmoja mwenye simu mbili na miwani ya jua. Nguzo ya mti vijana wanaibeba begani kwa kamba na nyimbo. Hii ya zege bila winchi haitikisiki, na winchi inalipiwa kwa saa. Hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia, ukiniuliza mimi. Walikuwa na haraka.

Kijana wa shimo alichimba akakutana na jiwe la matumbawe. Kila mtu hapa anajua ukichimba kidogo tu unakutana nalo. Akasimama. Alikuwa ndani ya shimo na ukingo unamfika kiunoni. Kiunoni! Marehemu mume wangu alikuwa fundi ujenzi, kanuni ya nguzo naijua: moja ya kumi ya urefu wake, halafu ongeza sentimita 60. Nguzo ya mita tisa inataka mita moja na nusu chini. Kile kiuno hakikuwa mita na nusu, labda kama yule kijana ni twiga.

Nikamwendea msimamizi kwa adabu kabisa. "Mwanangu, hilo shimo bado."

Hata miwani hakuvua. "Bi mkubwa, hiyo ni zege, siyo mgomba. Wewe rudi kwenye barafu zako."

Vijana wakacheka. Mmoja hakucheka, yule wa shimoni, akainamisha kichwa. Nguzo ikashushwa, wakarudishia udongo uleule wenye mchanga, wakaukanyaga kwa viatu kama wanakanyaga kiberiti, wakapanda gari. Hata kokoto hawakutia.

Sasa nikiri: umeme wenyewe ni mzuri. Mvua za masika zilizofuata mtaa wa pili walikaa gizani, sisi taa zinawaka na majokofu yananguruma. Jirani yangu ananiambia, "Bibi wee, unataka nini tena?" Na kuna usiku nilitaka kumkubalia. Nguzo nyota tano, nilishaamua, waliosimika ndio sifuri, tugawanye.

Tatizo ni kwamba nguzo na shimo lake huwezi kuvigawanya. Baada ya zile mvua fundi mmoja wa mtaani alisimama ng'ambo ya barabara, akaning'iniza timazi mbele ya jicho, akanyamaza. Fundi akinyamaza ujue. Nguzo inaliinamia bati langu. Ya mti ikilala kuna wakati waya zinaidaka. Hii uzito wake unapita nusu tani, haidakwi na kitu, na mimi nalala chini ya hilo bati. Nimeripoti mara tatu. Mara ya kwanza namba ya taarifa, mara ya pili namba nyingine, mara ya tatu binti wa kwenye simu, mpole sana, akaniuliza kama imeanguka. Nikamwambia bado. Akasema ikianguka nipige.

Siku hizi nina kipimo changu. Napanda kreti ya soda, napitisha ngumi kati ya nguzo na ukingo wa bati. Mwanzo zilipita ngumi mbili zikiwa zimebebana. Nilipoanza kuandika haya jana jioni ilipita moja na vidole vitatu, nikajisemea nisiwe mkali, nitaweka nyota tatu.

Usiku mvua imenyesha. Asubuhi hii vile vidole vitatu havijapita. Zile nyota tatu zifuteni.