LG C2 ya inchi 42 kama skrini ya kompyuta: gemu inang'aa, maandishi yanahitaji subira

LG ilipotoa OLED C2 ya inchi 42 mwaka 2022, mfululizo wa C ulipata kwa mara ya kwanza televisheni inayoweza kukaa mezani bila kumlazimisha mchezaji kusogeza kiti mpaka ukuta wa pili. Kabla yake ndogo kuliko zote ilikuwa ya inchi 48. Matoleo ya C3 na C4 yalifuata kwa ukubwa huohuo, na C4 ya mwaka 2024 ikapandisha kasi ya kuonyesha picha upya kutoka Hz 120 (mara 120 kwa sekunde) hadi 144. Mengi yaliyo hapa chini yanayahusu matoleo hayo pia, na sehemu ya mambo ya waya na mipangilio inahusu televisheni yoyote ya 4K yenye HDMI 2.1.

Tuseme mapema: kwa mtu ambaye kompyuta yake kazi yake kubwa ni gemu, hii ni skrini bora sana. Weusi ni weusi kweli kwa kuwa kila pikseli hujizima yenyewe, picha inayokwenda kasi haiachi kivuli nyuma, na ulimwengu wa gemu unajaza macho. Kwa anayeshinda na majedwali na hati kutwa nzima, hatuipendekezi, na sababu zake ni za kiufundi, si za ladha.

Ukubwa, umbali na meza

Inchi 42 kwa 4K ni takriban pikseli 105 kwa kila inchi. Hiyo inakaribiana kabisa na monita ya inchi 27 ya 2560×1440, yenye 109. Ukiipandisha hadi inchi 48 unashuka hadi 92, sawa na monita ya kawaida ya inchi 24 ya 1080p. Kwa inchi 55 unabaki na 80, na ukikaa karibu utaanza kuona kingo za herufi zikiwa na vidato. Ndiyo maana tunasema inchi 42 ndiyo ya mezani, 48 ni kwa mwenye meza pana na nafasi ya kuisogeza nyuma, na 55 kwenda juu ni ya kuchezea kwenye kochi kwa padi.

Kioo kina upana wa sentimita 93 na kimo cha 52. Macho yawe umbali wa sentimita 80 hadi 100. Meza yenye kina cha sentimita 60 haitoshi, hata kama televisheni itaingia, kwa sababu miguu yake inaisogeza mbele na kibodi inakusukuma karibu nayo. Dawa ni kuitoa miguuni na kuifunga ukutani au kwenye mkono wa chuma nyuma ya meza. Matundu ya VESA, yaani yale ya skrubu ya nyuma ya kufungia, yako kwa milimita 300×200, na uzito wake bila miguu ni takriban kilo 9. Mikono mingi ya monita hubeba uzito huo lakini sahani yake ni ya 100×100 tu, hivyo nunua na kipande cha kuunganishia. Ukingo wa chini uwe karibu kugusa meza. Ukiipandisha juu, ukingo wa juu utapita usawa wa macho na shingo itaanza kulalamika kabla ya saa mbili kwisha.

Kadi, waya, tundu

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Ili upate 4K kwa Hz 120, rangi kamili na biti 10, unahitaji upitishaji wa gigabiti 40 hivi kwa sekunde. HDMI 2.0 inaishia 18, ambayo inatosha 4K kwa Hz 60 na biti 8, basi. HDMI 2.1 inafika 48. Kwa upande wa kadi ya picha, Nvidia walianza kuweka HDMI 2.1 kwenye RTX za mfululizo wa 30, na AMD kwenye RX 6000, zote za mwaka 2020. Mwenye GTX 1080 au RTX 2070 anaweza kucheza 2560×1440 kwa Hz 120 kupitia HDMI 2.0, na matokeo ni mazuri kuliko watu wanavyodhani.

Televisheni hii haina DisplayPort, tundu la picha lililozoeleka kwenye monita. Kuna adapta za kutoka DisplayPort 1.4 kwenda HDMI 2.1 zinazotoa 4K kwa Hz 120, ila nyingi hazipitishi ipasavyo VRR, yaani uwezo wa skrini kufuata kasi ya kadi inayobadilika, nao ndio nusu ya raha yenyewe. Kwa watumiaji wa Linux wenye kadi za AMD kuna kikwazo kingine: mwaka 2024 HDMI Forum, chombo kinachosimamia viwango vya HDMI, ilikataa draiva huria ya HDMI 2.1, na ndiyo sababu wengi wao wamekuwa wakirudi kwenye adapta hizohizo pamoja na mapungufu yake.

Waya uwe umeandikwa Ultra High Speed, wenye lebo ya uthibitisho ya kuskani kwa simu. Usizidi mita 3 kwa waya wa kawaida wa shaba. Ukihitaji kwenda mbali zaidi chukua wa nyuzi za kioo, na uangalie upande upi unaingia kwenye kompyuta kwa sababu ni wa njia moja. Waya dhaifu hujitambulisha: vidoti vyeupe vinavyometameta kwenye picha, skrini kuwa nyeusi kwa sekunde moja au mbili kisha kurudi, au Hz 120 kutoonekana kabisa kwenye orodha. Kabla ya kulaumu kadi, badilisha waya.

Kwenye C2 matundu yote manne ni HDMI 2.1. Kwenye televisheni nyingi nyingine ni mawili tu, na moja kati ya hayo ndilo lenye eARC ya kupeleka sauti kwenye spika. Soma maandishi yaliyo kando ya tundu.

Mpangilio mmoja unaobadilisha kila kitu

Ikitoka kiwandani, televisheni hii inadhani umeichomekea filamu. Inalainisha mwendo, inanoa kingo, na inapunguza taarifa za rangi. Ukifungua hati yenye herufi nyekundu juu ya bluu utaona zimevurugika. Tiba ni kuiambia kwamba kilichochomekwa ni kompyuta: fungua Home Dashboard, ingia sehemu ya kuhariri matundu, na kwenye tundu husika chagua ikoni ya PC. Kuandika jina peke yake hakutoshi, ni ikoni inayofanya kazi. Kuanzia hapo unapata 4:4:4, yaani kila pikseli inabeba rangi yake yenyewe badala ya kugawana na jirani zake.

Baada ya hapo hakikisha HDMI Deep Colour iko kwenye 4K, chagua Game Optimizer kama aina ya picha, washa VRR ndani yake, na ushushe Sharpness hadi 0. Uchelewaji kati ya kubonyeza na kuona hushuka chini ya milisekunde 10 kwa Hz 120. Kwenye aina za picha za filamu uchelewaji huo ni mara kadhaa zaidi, na mchezaji wa gemu za risasi ataugundua kwa mzunguko wa kwanza wa kipanya.

Upande wa Windows, kwenye paneli ya Nvidia utakuta orodha mbili za ukubwa wa picha: ya televisheni juu na ya PC chini. Chagua 3840×2160 kutoka ile ya PC, Hz 120, kisha RGB, Full, biti 10. Weusi ukionekana kama kijivu, au maeneo yenye giza yakimezwa kabisa, ujue kompyuta na televisheni hazijakubaliana kuhusu masafa ya mwanga. Rudisha Black Level kwenye Auto. Upau wa kazi ukikatwa ukingoni, washa Just Scan. Ukuzaji wa Windows wa 125% unatosha wengi.

Herufi zitabaki na uvuli kidogo pembeni hata baada ya yote hayo. Pikseli ya LG ina vipande vinne, pamoja na kimoja cheupe, na ClearType, mfumo wa Windows wa kulainisha herufi, ilitengenezwa kwa mpangilio wa vipande vitatu vya nyekundu, kijani na bluu. Kupitia kirekebishi cha ClearType kunapunguza tatizo, hakulimalizi. Kwenye gemu huwezi kuliona.

VRR, HDR na nguvu ya kadi

Skrini inafuata kasi ya kadi kati ya Hz 40 na 120. Weka G-Sync (jina la Nvidia la VRR), washa V-Sync, inayozuia picha kukatika katikati, kwenye paneli ya Nvidia, izime ndani ya gemu, kisha funga kasi kwenye fremu 116. Zile fremu nne zinazobaki zina maana yake: ukigusa 120, VRR inaachia nafasi, V-Sync inashika usukani, na uchelewaji unaongezeka.

Kuna kasoro moja ambayo wenye OLED za VRR wanaijua. Kasi ya fremu ikipanda na kushuka ghafla, maeneo ya kijivu chenye giza hupepesa. Hutokea zaidi kwenye kurasa za kupakia gemu na kwenye mapango. Sababu ni kwamba mwanga wa kioo umepimwa kwa Hz 120, na fremu ikikaa muda mrefu zaidi vivuli hubadilika kidogo. Punguza ubora wa vivuli na miale hadi kasi itulie, au funga fremu kwenye kiwango ambacho kadi inakimudu muda wote. Usihangaike kubadilisha waya kwa ajili ya hili.

4K ni pikseli milioni 8.3, mara 2.25 ya 1440p. Kadi ya kati itahitaji DLSS au FSR, mbinu za kuchora picha ndogo kisha kuikuza, na kwa ukubwa huu mipangilio ya Quality hutoa picha safi mno. Kwa gemu za ushindani kuna njia tunayoipenda zaidi: weka 2560×1440, kisha kwenye paneli ya Nvidia chagua No scaling, kazi ifanywe na GPU. Picha itakaa katikati pikseli kwa pikseli, pande zote zikiwa nyeusi tii, na utakuwa na skrini ya inchi 28 ndani ya ile ya 42. Ramani ndogo haiko tena pembeni kabisa mwa macho, na kadi inapumua. 3840×1600 nayo inafanya kazi vizuri kwa gemu za magari na ndege.

Kwa HDR, yaani picha yenye mwanga na giza vilivyopanuliwa, chagua HGiG kwenye televisheni ili gemu yenyewe ipange mwanga, kisha endesha programu ya Windows HDR Calibration ya Windows 11 na uvute kila kipimo hadi alama ipotee. Nje ya gemu zima HDR kwa Windows+Alt+B, kwa kuwa mwanga mkali muda wote hauna faida kwenye eneokazi.

Kuitunza

Alama za kudumu zinatokana na kitu kilekile kung'aa mahali palepale kwa saa nyingi. Ficha upau wa kazi, weka mandhari nyeusi, skrini ijizime baada ya dakika tatu au tano, na uache Screen Move ikiwa imewashwa. Muhimu kuliko vyote: usiizime ukutani. Baada ya jumla ya saa 4 za matumizi, televisheni hujisafisha ikiwa imezimwa kwa rimoti, na kila baada ya saa 2,000 hufanya usafi mrefu wa saa moja hivi. Ukikata umeme kila usiku unaizuia isifanye kazi hiyo.

Utaona pia inafifia yenyewe ukikaa na hati nyeupe. Hiyo ni kinga. Watu huizima kwa rimoti ya mafundi kupitia menyu ya siri. Sisi tunashauri uiache, maana unahatarisha udhamini na kioo kwa pamoja.

Kero ya kila siku ni kwamba haizimiki wala kuwaka pamoja na kompyuta kama monita, kwa sababu kadi nyingi za picha hazitumii HDMI-CEC, njia ya vifaa kuamrishana kupitia waya wa HDMI. Programu ya bure ya LGTV Companion inalimaliza hilo kwa kuiwasha na kuizima kupitia mtandao wa nyumbani. Televisheni na kompyuta ziwe kwenye mtandao mmoja, na kipengele cha kuwashwa kupitia mtandao kiwe kimeruhusiwa kwenye menyu ya televisheni.

Ambaye kazi zake za maandishi ni nusu ya siku au zaidi achukue LCD. Haina hofu ya alama na haififii kwenye ukurasa mweupe. Lakini nazo zina mambo yake: nyingi hutumia kioo cha VA, ambacho huacha mkia mweusi nyuma ya vitu vinavyokimbia gizani, na zenye maeneo ya mwanga yanayojirekebisha huzungusha wingu la mwanga kwenye kishale cha kipanya. Baadhi zimepangwa bluu, kijani, nyekundu badala ya kinyume chake, na hizo ClearType inaweza kuzirekebisha. Kabla ya kulipa, thibitisha kwamba inatoa 4:4:4 kwenye Hz 120 yenyewe na si kwenye Hz 60 pekee, na kwamba kioo chake ni cha Hz 120 halisi. Namba kubwa zilizochapishwa kwenye boksi mara nyingi ni za kulainisha mwendo tu.