Baiskeli ya Chuma ya Zamani na ya Kaboni ya Mashindano: Ipi Inaifaa Mombasa?

Raleigh ya zamani, baiskeli ya chuma ya kampuni iliyoanzia Nottingham, Uingereza, katika miaka ya 1880, hufikia karibu kilo 20, ilhali kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, zinaruhusu baiskeli ya mashindano ya barabarani kushuka hadi kilo 6.8. Tofauti hiyo utaisikia magotini unapopanda Daraja la Nyali huku kusi ikikuvuma ubavuni.

Hata hivyo, kwa usanifu, macho yangu hurudi kwenye Raleigh: breki zake huvutwa kwa fito za chuma badala ya nyaya, kila fito ikionekana waziwazi inavyoisukuma mwenzake, na mnyororo umefunikwa kwa kasha linalozuia mchanga na kuinusuru kanzu. Fremu ikipinda, fundi hodari huinyoosha. Fremu ya kaboni, yaani ya nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu, ikipata ufa, ufa huo waweza kujificha chini ya rangi hadi fremu ivunjike ghafla.

Hewa ya chumvi haimhurumii yeyote. Yangu ya chuma ilianza kushika kutu pale bomba la kiti linapoingia kwenye fremu, nami nikachelewa kugundua. Kaboni haishiki kutu, lakini sehemu za alumini zinazogusana nayo huliwa na chumvi na kuganda zisipopakwa grisi.

Anayetaka kushindana anunue ya kaboni bila kusita. Kwa vichochoro vya Mji wa Kale, ambako mwendo ni wa salamu, mimi nabaki na ya chuma.