Mchuzi wa samaki kutoka Mumbai hadi Kochi: uzoefu wangu

Pwani ya magharibi ya India haina mchuzi mmoja wa samaki. Nazi na pilipili utazikuta karibu kila kituo. Kinachobadilika ukishuka kusini ni kiungo cha uchachu. Konkan, ukanda wa Mumbai na kusini yake, wanatia kokum (maganda makavu ya tunda chachu), Goa kokum pamoja na siki ya tembo la mnazi, Mangaluru ukwaju, Kerala kudampuli (ganda jingine chachu, lililokaushwa). Kwa hiyo mkahawa unaojitangaza kupika pwani zote nne siupi nyota nyingi. Mara nyingi jikoni mna sufuria moja ya mchuzi, na kinachobadilika ni jina tu.

Mumbai naanzia Gajalee, Vile Parle, kwa sababu ya bombil wa kukaanga. Huyu ni samaki mwororo aliyejaa maji, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Anapasuliwa, anatolewa mfupa, anatandazwa na kukandamizwa kwa kitu kizito nusu saa hadi saa nzima ili maji yatoke. Kisha manjano, pilipili ya unga, chumvi na ndimu, anaviringishwa kwenye unga wa mchele uliochanganywa na suji (ngano ya chengachenga), anakaangwa kwa mafuta machache. Asipokamuliwa vizuri, maji yanatokea ndani ya kikaango, ganda linabanduka na samaki anakuwa uji. Akipikwa sawasawa, nje anavunjika kama kaukau na ndani anayeyuka. Dakika 10 mezani zinatosha kumlegeza, kwa hiyo usimwagize pamoja na wali. Mle kwanza, peke yake.

Highway Gomantak, Bandra Mashariki, nenda kwa ajili ya sinia la mchana: samaki wa kukaanga, mchuzi, wali, na solkadhi, kinywaji cha kokum na tui, ya kumalizia. Solkadhi ndiyo kipimo changu cha mkahawa wowote wa Kimalvani, yaani wa mapishi ya Malvan, pwani ya Konkan. Kokum ni maganda makavu ya tunda la jamii ya mangostini. Maganda 10 hadi 12 yanalowekwa kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu kwa nusu saa na kukamuliwa. Yanachanganywa na vikombe viwili vya tui lililokamuliwa pamoja na punje mbili za kitunguu saumu na pilipili mbichi moja. Haipashwi moto hata kidogo, maana uchachu ukikutana na joto tui linakatika. Onja kabla ya kutia chumvi, kwani kokum nyingi hukaushwa kwa chumvi. Rangi iwe ya waridi iliyofifia. Waridi kali lenye harufu ya tui la kopo ni dalili ya njia ya mkato. Ukwaju hauwezi kushika nafasi yake hapa, rangi inageuka matope.

Ladha ya Mangaluru inapatikana hata Mumbai, pale Mahesh Lunch Home, Fort. Agiza gassi, mchuzi mzito wa nazi. Sisi tuliozoea kukuna nazi na kuchuja tui tutashangaa: nazi ya gassi haikamuliwi, inasagwa na machicha yake pamoja na ukwaju, mbegu za giligilani, bizari nyembamba na pilipili kavu za Byadgi, ambazo zina wekundu mwingi kuliko ukali. Uwatu ni punje chache tu, na ukiungua mchuzi wote unakuwa mchungu. Ukisikia chengachenga ulimini, jiwe la kusagia halikufanya kazi yake. Iliwe na neer dosa, ule mkate mwepesi wa mchele uliolowekwa na kusagwa hadi ukawa kama maziwa, usiogeuzwa kikaangoni. Ukifika Mangaluru penyewe, nenda Machali, uombe samaki aitwaye kane, au vibua.

Goa nina neno moja: recheado, viungo vya kusaga vya kujazia samaki. Pilipili za Kashmir zinalowekwa na kusagwa kwa siki, saumu, bizari nyembamba na sukari kidogo, halafu zinasindiliwa kwenye mipasuko ya vibua. Ikisagwa kwa maji badala ya siki haikai, na ladha inakuwa bapa. Kwa mchuzi wa kawaida na wali, Ritz Classic ya Panaji sijaona sababu ya kuiruka. Bilimbi nazo wanazitia kwenye michuzi, kama Lamu na Unguja.

Kerala ndiko ninakokupenda kuliko kote. Vilabu vya tembo, kama Mullapanthal kule Udayamperoor, vinauza mihogo ya kuchemsha na mchuzi mwekundu wa samaki. Mtindo wa Kottayam hauna nazi kabisa. Uchachu wake ni kudampuli, ganda jeusi lililokaushwa kwa moshi. Vipande 3 kwa nusu kilo ya samaki, vioshwe, vilowekwe robo saa, na vitolewe mchuzi ukishapata uchachu wa kutosha, la sivyo vinaendelea kuutia ukali usiku kucha. Unapikwa kwenye chungu na kesho yake ni mtamu zaidi. Alappuzha wanatia tui na embe mbichi. Ni mchuzi mwingine, usiulinganishe na ule.

Kabla ya kukata tiketi, tazama kalenda. Kuanzia tarehe 1 Juni hadi 31 Julai uvuvi wa mashine umepigwa marufuku kwenye pwani hii, na Kerala meli za kukokota nyavu husimama kuanzia 9 Juni. Miezi hiyo pomfret (samaki bapa) na nguru wengi ni wa barafu, na nyama yao inachambuka kama pamba. Agiza bombil kavu au kamba wakavu, ndivyo wenyeji wanavyokula. Na ukiona herufi APS (“as per size”) mbele ya kaa kwenye orodha, bei inategemea ukubwa: omba aletwe mezani akiwa hai, apimwe, utajiwe bei, ndipo ukubali.