Hilux ya petroli na Hilux ya dizeli, barabara moja ya Kapchorwa: uzoefu wangu

Nimeendesha Hilux mbili kwenye barabara moja na kwa kazi ile ile. Ya kwanza ilikuwa ya petroli, nilikaa nayo kuanzia 2017 hadi mwishoni mwa 2021. Ya pili ni ya dizeli, na ndiyo ninayoendesha mpaka leo. Nauza viazi kwa jumla mjini Mbale, mashariki mwa Uganda. Mara nne kwa wiki napanda Kapchorwa, kwenye Mlima Elgon, kupitia Sironko na Muyembe, nimebeba sukari, sabuni, chumvi, mbolea na wakati mwingine simenti ya maduka ya huko juu, kisha nashuka na viazi au kabichi. Gari langu halina safari tupu. Sokoni hapa, Wagisu, Wasabei na wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kenya tunapatana bei kwa Kiswahili, na swali ninaloulizwa zaidi baada ya bei ya gunia ni hili: "Mama, pikapu ninunue ya petroli au ya dizeli?" Kila mara najikuta nimesimama nusu saa nikieleza. Acha niyaandike yote mahali pamoja.

Nianze na ile ya petroli, kwa sababu niliipenda kwa dhati. Ilikuwa na injini ya lita 2.7, ile mafundi wanayoiita 2TR. Ilikuwa kimya, nyepesi mkononi, na haikuwahi kunikatalia kuwaka hata asubuhi moja. Mji wa Kapchorwa uko juu zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na alfajiri yake ni ya baridi ya kutetemesha, lakini nilikuwa nazungusha ufunguo mara moja tu. Taiming yake, yaani mfumo unaofungua vali za injini kwa wakati wake, ni ya cheni, kwa hiyo sikuwa na hofu ya mkanda kukatika. Katika miaka ile minne nilibadilisha plagi mara mbili, pampu ya mafuta ya ndani ya tangi mara moja, na oili kila nilipotakiwa. Fundi yeyote wa kando ya barabara aliijua. Kwa matengenezo, sikuwahi kulala njaa kwa sababu ya gari lile.

Kilichonishinda ni njia za mashambani.

Barabara kuu ya lami siyo tatizo. Viazi havioti kwenye lami. Vinatoka kwenye mashamba ya mteremkoni, na ili uvipate unaacha barabara kuu, unashuka njia nyembamba ya udongo, unapakia, halafu unapanda tena na tani moja mgongoni. Udongo wa Mlima Elgon ukilowa unateleza kama sabuni. Nakumbuka asubuhi moja mwezi wa Mei, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulikuwa na magunia tisa. Nikaweka gari livute kwa magurudumu manne, gia ya kwanza, nikaanza kupanda taratibu. Nikikanyaga kidogo, injini inataka kuzima. Nikikanyaga zaidi, injini inapiga kelele na magurudumu yanazunguka bure, yanajichimbia shimo. Hapakuwa na mahali pa katikati. Utingo wangu alikuwa nyuma anaweka mawe na matawi ya migomba chini ya tairi, tope limemfika magotini. Tulishusha magunia manne, tukapanda na matano, kisha vijana wa kijiji wakabeba yale mengine kichwani mpaka barabarani. Niliwalipa, na faida ya siku ile ikaishia pale. Nilinusa klachi ikiungua, na nilijua wiki haitaisha kabla sijainunua nyingine.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza kwa makini. Jibu la fundi wangu lilikuwa fupi: "Mama, nguvu unayo, ila inakuja imechelewa." Alikuwa na maana hii. Injini ile ya petroli inatoa nguvu yake kubwa ya kuvuta, kama nyutoni-mita 240, inapofika mizunguko karibu 4,000 kwa dakika. Kwenye tope hutaki kufika huko. Dizeli yenye turbo inaitoa mapema sana. Injini ya 2KD ya lita 2.5, toleo lenye intakula (kipoza hewa ya turbo) kama hili langu, inafikia nyutoni-mita 343 kuanzia mizunguko 1,600, wakati petroli bado inakohoa. Na kuna suala la hewa ya mlimani. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Turbo inaisukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo kupungua huko hukuoni sana.

Nilipopeleka dizeli kwenye njia ile ile, mvua ile ile ya Mei mwaka uliofuata, nilitia gia ya kwanza, nikagusa kanyagio kwa kidole tu, na gari likatembea. Sisemi lilikimbia. Lilitembea, kama ng'ombe anayepanda na jembe, tairi zinashika tope polepole bila kuruka. Utingo alitembea kando yake mpaka juu bila kugusa jiwe. Nilifunga breki ya mkono kule juu, nikazima injini na kukaa kimya kidogo. Kwa mtu aliyewahi kulipa vijana wabebe magunia yake, hilo ni jambo kubwa.

Kuna upande mmoja ambao petroli iliishinda dizeli kwa uzuri, na sijasikia wauzaji wa magari wakiutaja. Ni mteremko wa kutoka Sipi kwenda Muyembe. Ukiachia kanyagio kwenye petroli, mlango wa hewa unajifunga, injini inahangaika kuvuta pumzi, na kule kuhangaika kunalishika gari. Kwenye dizeli hewa inaingia bila kizuizi kama hicho, kwa hiyo ukiachia mguu kwenye gia ile ile gari linaendelea kuteleza zaidi. Wiki ya kwanza na dizeli nilifika Muyembe breki zinanuka. Sasa nashuka na gia ya pili tangu juu kabisa, sisubiri kona ya kwanza. Kama unahama kutoka petroli kuja dizeli na unabeba mzigo mlimani, tafadhali sana lizingatie hili kabla ya jambo lingine lolote.

Sasa pesa. Safari yangu moja, kwenda na kurudi pamoja na kuzunguka mashambani, ni kama kilomita 150. Petroli ilinipa kilomita 7 kwa lita nikiwa na mzigo, dizeli inanipa 10. Kwa hiyo ni kama lita 21 dhidi ya lita 15. Nikihesabu petroli kwa shilingi 5,000 na dizeli kwa 4,800, ni kama 105,000 kwa 72,000. Tofauti ni 33,000 kwa safari, 132,000 kwa wiki, zaidi ya nusu milioni kwa mwezi. Mtu akiona hesabu hiyo anakimbilia dizeli siku hiyo hiyo. Mimi pia nilikimbia. Nilichojifunza baadaye ni kwamba pesa ile dizeli haikupi, inakukopesha. Siku moja inakuja kudai.

Mimi ilinidai mwaka wa pili. Kituo kikubwa ninachonunua mafuta kilikuwa kimekaukiwa, nikajaza kwenye kituo kidogo njiani, siku mbili baada ya mvua kubwa. Nilipofika mwanzo wa kupanda, taa ya njano ya filta ikawaka. Nilidhani ni taa tu. Nikaendelea. Baada ya dakika chache injini ikaanza kumisi, ikagonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo, na nyuma ukatoka moshi mweupe mzito. Gari likafa na mzigo wote wa sukari.

Fundi alikuja na bodaboda kutoka Mbale. Kitu cha kwanza alichofanya ni kulegeza koki ndogo iliyo chini ya filta, akakinga kwa chupa tupu ya soda, akainyanyua juani ili nione. Juu ilikuwa dizeli, rangi ya chai ya rangi. Chini, karibu nusu ya chupa, yalikuwa maji matupu, na kati yake mstari ulionyooka kana kwamba umechorwa kwa rula. "Haya ndiyo injekta zako zimekunywa, mama," akasema. Injini hizi za kisasa husukuma dizeli kwenye injekta, vile vinyunyizio vya mafuta ndani ya injini, kwa shinikizo la zaidi ya mara elfu moja ya hewa tunayovuta, kupitia vitundu vyembamba sana. Pampu na injekta hazina oili yake nyingine, zinalainishwa na dizeli yenyewe. Maji yakipita, vyuma vinasuguana vikavu. Ndiyo maana pia ukikosea ukatia petroli kwenye dizeli, usiwashe hata mara moja. Vuta gari, mwaga tangi.

Zilipopimwa kwenye mtambo, injekta mbili zilikuwa zinadondosha na mbili zimechoka. Nilibadilisha zote nne, nikasafisha tangi na kuweka filta mpya. Jumla ilikuwa milioni 2 na laki 3. Hiyo ni akiba ya miezi minne na zaidi ya mafuta, imekwenda kwa siku moja. Bahati yangu ni kwamba kila Jumamosi nilikuwa natenga 60,000 pembeni kwa ajili ya gari. Bila hiyo ningeuza mzigo kwa hasara.

Sasa nina taratibu zangu na sizivunji. Nanunua mafuta mahali pamoja penye wateja wengi, kwa sababu tangi lao halikai na mafuta ya zamani. Sinunui nikiona lori la mafuta linashusha, kwani uchafu wa chini unakuwa umetibuliwa. Filta ya dizeli nabadilisha kila kilomita 10,000, na koki ya maji nalegeza mwenyewe kila Jumatatu kabla ya kutoka nyumbani. Serikali ina mpango wa kutia alama mafuta halali, chini ya Wizara ya Nishati na shirika la viwango la UNBS, na ni kazi nzuri inayowabana wanaochanganya dizeli na mafuta ya taa. Lakini alama ile haizuii maji ya mvua kuingia kwenye tangi lililozikwa ardhini. Hilo ni lako kuchunga.

Wengine wanaogopa bei kupanda ghafla. Sote tunakumbuka Januari 2022, madereva wa malori walipogoma mpakani Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya Korona, na petroli ikafika shilingi 10,000 na zaidi kwa lita sehemu nyingine za nchi. Siku zile hakuna injini iliyokuwa salama. Ila anayekwenda kilomita 10 kwa lita aliumia polepole kuliko wa kilomita 7.

Ukienda kununua dizeli iliyotumika, fika mapema kabla muuzaji hajaipasha moto. Ataudhika, mwache audhike. Sikiliza inavyowaka ikiwa baridi. Ikiwa inaunguruma, fungua kifuniko cha oili: mvuke mdogo ni kawaida, lakini moshi ukipumua kama jiko la kuni, ondoka. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweusi mwingi unaotoka bila mzigo ni injekta au turbo. Uliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, na kama hana jibu, hesabu bei ya mkanda mpya kwenye bei ya gari. Mimi wangu naubadilisha kila kilomita 100,000, kwa sababu ukikatika unaondoka na vali. Na kama gari ni jipya zaidi, lile lenye chujio la moshi kwenye ekzosi, jua kwamba chujio hilo linahitaji safari ndefu za kulipasha moto lijisafishe. Safari za sokoni na kurudi zitaliziba. Dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, imekuwa kiwango cha Afrika Mashariki tangu 2015, kwa hiyo mafuta yanafaa. Kinacholiua ni matumizi mabaya.

Jambo la mwisho kwa mwenye turbo: ukimaliza kupanda, usizime injini papo hapo. Iache iungurume dakika moja au mbili, oili ipoze turbo. Mimi muda huo nashuka kukagua kamba za mzigo.

Kwa kazi yangu ya mlimani sirudi kwenye petroli. Ila mwezi ujao naongeza pikapu ya pili, ya kusambaza viazi kwenye hoteli na shule za hapa Mbale mjini, magunia mawili matatu kwa wakati, kilomita 20 kwa siku, kuzima na kuwasha mara kumi. Kilomita 20 kwa siku haziwezi kurudisha pesa ya injekta, na kijana atakayeiendesha sitaki aanze maisha na koki za maji. Nimeshaiona moja ya lita 2.0, plagi zake safi, oili yake bado haijawa nyeusi. Hiyo ni ya petroli, na nimeshalipa nusu.